Boti ya Pangani kwenda Nungwi: nahodha alinikatalia kuvuka na bado nampa 9 kwa 10

Wadau habari zenu, naandika hii kwa sababu kabla sijasafiri nilitafuta sana mtu aliyevuka Pangani kwenda Nungwi kwa boti ndogo aniambie hali ikoje, nikaishia kupata picha za fukwe tu na bei za mahoteli. Sa mi nimevuka mara mbili, mara moja mwaka jana na boti nyingine (sitaitaja) na mara ya pili mwezi wa 8 huu na mzee mmoja wa pale pale Pangani, kwa hiyo nina cha kulinganisha.

Kwa wasiojua, ukiwa Tanga au Pangani na unataka kufika kaskazini mwa Unguja, njia ya kawaida ni ushuke mpaka Dar kwa basi, ulale au ukimbilie boti kubwa, ushukie Mjini Unguja halafu upande gari tena mpaka Nungwi, siku nzima na zaidi imekwisha. Kumbe ukisimama mlango wa mto Pangani, Nungwi iko mbele yako upande wa kusini mashariki, kama kilomita 50 hivi za maji. Boti ya faiba yenye mashine mbili ikipata bahari nzuri inachukua masaa mawili na nusu au matatu. Ndo maana watu wanaipenda hii njia, na ndo maana pia watu wanaichukulia poa.

Mwaka jana nilivuka mwezi wa 7, mimi na mama yangu. Tuliambiwa tunaondoka saa mbili asubuhi, tukasubiri abiria wajae, mafuta yakaletwa, mmoja kasahau kitambulisho karudi kukifuata, tukaja kuondoka saa saba mchana. Sikujua kitu wakati ule, niliona jua linawaka, anga bluu kabisa, nikajua ni siku nzuri. Kutoka tu mlangoni boti ikainuka omo (mbele yake) juu ikashuka kwa kishindo mpaka meno yakagongana, na ikawa hivyo hivyo njia nzima karibu masaa matano, maji yanaingia kwa mbele, kijana mmoja kazi yake ni kufua maji kwa kopo la rangi lililokatwa, mama yangu katapika mpaka hana cha kutapika, kanishika mkono anasoma dua kwa sauti. Kulikuwa na dada ana mtoto mchanga kamfunga kifuani kwa kanga na juu yake laifu jaketi ya mtu mzima ambayo haifungi. Tulifika, alhamdulillah. Mama mpaka leo ukimtajia boti anaondoka ukumbini.

Kwa hiyo mwaka huu mtoto wa ba'mdogo anaolewa Nungwi, ndoa Jumamosi baada ya alasiri, mi niko Tanga, nikasema sirudii ule ujinga bila kuuliza. Nikaelekezwa kwa huyu mzee. Nikampigia Jumatano, shikamoo, marahaba, nataka kuvuka Ijumaa nipate na usiku wa hina. Kitu cha kwanza hakunitajia bei. Aliniuliza "una mizigo mingapi, na unajua kuogelea?" Halafu akasema Ijumaa tutaona, njoo Alhamisi ulale Pangani, alfajiri ndo nitakwambia kama tunakwenda au hatwendi. Mi nikasikia kama mtu asiye na uhakika na kazi yake. Nilikosea sana.

Alhamisi nimefika, nikafungua aplikesheni yangu ya upepo kwenye simu (nimeiseti isome kilomita kwa saa), inaonyesha alfajiri ya Ijumaa upepo wa kusi kama 15, mchana unapanda mpaka 30 na kitu. Mamlaka ya Hali ya Hewa nao walikuwa wametoa angalizo la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 kwa pwani ya Tanga mpaka Unguja na Pemba. Nikajipigia hesabu kwamba tukiwahi alfajiri tutakuwa tumefika kabla haujapanda, maana aplikesheni imesema 15.

Ijumaa saa kumi na moja alfajiri niko kwenye boti na begi langu. Mzee yupo, kavaa koti, wala hajagusa mashine. Kaniambia "mwanangu, leo hatuvuki."

Jamani nilikasirika. Nikamwonyesha simu. Akaiangalia vizuri tu, hakuidharau, akaniuliza "jana usiku ulilala?" Nikamwambia nililala kwa shida, minazi inapiga kelele usiku kucha. Akasema basi umejijibu. Akanieleza kwamba kipindi hiki cha kusi, msimu wa upepo unaotoka kusini, upepo ukiwa wa kawaida usiku unalala, na kuanzia usiku wa manane unaingia umande kutoka bara, kaupepo kepesi ka baridi kanakoshuka na mto kwenda baharini, bahari inapata nafasi ya kupumzika. Ukiamka alfajiri ukakuta umande upo, una masaa matatu mpaka manne ya kwenda nayo kabla kusi halijaamka. Ila usiku kucha minazi ikiwa inapiga kelele, maana yake kusi halikulala kabisa, na bahari ya huko nje nayo haikulala, kwa hiyo jua likitoka kidogo tu upepo unaongezekea juu ya mawimbi ambayo tayari yapo. Simu inakwambia upepo wa saa hiyo, haikwambii bahari imepigwa masaa mangapi.

Hapo nikaelewa kitu ambacho ningekijua mwaka jana nisingempandisha mama yangu. Hizo aplikesheni nyingi zinapiga hesabu kwa mraba wa kilomita kadhaa kwa kadhaa, wanachukua wastani, haioni mlango wa mto Pangani, haioni huu umande mwembamba wa pwani, haijui kama kuna fungu la mchanga mbele yako. Siisemi vibaya, naitumia mpaka leo, inakuonyesha vizuri siku tatu nne mbele kusi litakaza au litalegea. Ila kwa uamuzi wa kuondoka sasa hivi au kutoondoka, macho na masikio ya mtu wa pale yana nafasi yake.

Nikamwomba bado. Nikamwambia nitaongeza hela. Akasema "hela yako naitaka, lakini leo bahari haijalala." Halafu akaninyoosha kidole upande wa pili, kule Bweni ngalawa zote zipo juu ya mchanga. Wenye ngalawa wana watoto wa kulisha, akasema, ukiona hakuna hata moja iliyotoka, wewe mwenye harusi unatoka kwenda wapi.

Saa tano nikatembea mpaka ufukweni kujionea. Wale mnaoijua Pangani mnajua pale mlangoni kuna fungu, mto umeleta mchanga wake na bahari imeurundika. Siku ile ilikuwa siku mbili tu baada ya mwezi mpevu, bamvua kabisa (yale maji makubwa), maji yalijaa saa kumi na moja na kitu alfajiri na saa tano hiyo yalikuwa yanamalizia kupwa, mto mzima unatoka kwa nguvu kwenda nje na mawimbi ya kusi yanaingia ndani, yanakutana juu ya fungu. Maji yalikuwa yanasimama wima, meupe, yanavunjika mstari mzima. Mashua moja iliyokuwa inatokea nje ilibaki inazunguka huko mbali inasubiri, haikuthubutu kuingia mpaka maji yalipoanza kurudi mchana. Nilikaa pale kwenye mchanga nikamfikiria mama yangu.

Sasa hapa kwenye maji nataka nieleze vizuri maana watu wengi wanaangalia upepo tu, maji hawayaangalii. Upande wetu huu bamvua inakuja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na siku hizo maji yanajaa mida ya saa kumi, alfajiri na jioni, na yanapwa mida ya saa nne, asubuhi na usiku. Tofauti ya juu na chini inafika kama mita 4 hivi. Kila siku inasogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo baada ya wiki hesabu imegeuka, yanapwa alfajiri na kujaa saa nne, ila hapo ndo maji mafu, tofauti ni ndogo na mkondo hauvuti sana. Ukishajua hii ukaangalia mwezi tu juu, unaweza kukisia saa ya maji bila simu. Jedwali la maji la Bandari lipo pia, lina saa na urefu kwa kila siku, mzee anayo nakala imechakaa kaiweka kwenye mfuko wa nailoni chini ya kiti cha tezi (nyuma ya boti), kwa hiyo msidhani ni mtu wa kubahatisha.

Anachokifanya ni kuoanisha vitu viwili, apate alfajiri yenye umande na maji yaliyojaa mlangoni. Vikikutana anaondoka. Maji mafu kwake si tatizo sana maana hata yakipwa fungu linabaki na kina, ila hapo anakwenda pole pole na kijana kasimama omo anaangalia. Upepo usipolala haendi hata maji yawe mazuri vipi.

Na kuna la tatu. Pwani yetu mkondo mkubwa wa bahari unakwenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi unakuwa na nguvu zaidi kwa sababu upepo unausukuma kwa nyuma. Ukitoka Pangani ukanyoosha omo moja kwa moja Nungwi, utasukumwa juu taratibu bila kujua, na ukikuja kushtuka kisiwa kiko kusini kwako na inabidi urudi dhidi ya upepo na mkondo kwa pamoja, mafuta yanaisha. Wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ni kinyume chake, upepo unatoka juu mkondo unatoka chini, vinagombana, ndo unapata yale mawimbi mafupi ya kusimama yanayopiga boti kama nyundo hata kama upepo wenyewe si mkali. Hii nilimuuliza sana mzee, anasema yeye anaipenda zaidi tanga mbili, kipindi cha kati ya kusi na kaskazi, ule mwezi wa 10 na wa 11 matlai (upepo mwepesi wa mashariki) yanapovuma kidogo kidogo na bahari inakuwa kama mafuta. Wenye uhuru wa kuchagua tarehe nendeni kipindi hicho.

Ijumaa usiku nililala kwa nyumba ya shemeji yake, bure, na hapo nampa pongezi kwa sababu hakunidai hata senti ya siku iliyopotea. Hina niliikosa, nilipigiwa video nikaona. Mida ya saa tano usiku minazi ikanyamaza. Sijui niseme vipi, nililala na sikio, kelele zilikuwepo siku mbili halafu ghafla hazipo. Saa tisa niliamka nikatoka nje kwenye baraza, kaupepo ka baridi kinatoka nyuma ya nyumba, kinanuka moshi na majani mabichi ya mashamba. Nikajua leo ndo leo kabla mzee hajanipigia.

Baada ya sala ya alfajiri tukawa bandarini watu tisa na mabaharia wawili, kila mtu kaandikwa jina kwenye karatasi na nakala imeachwa pale pwani. Laifu jaketi kila mtu moja na akapita mwenyewe anavuta klipu ya kila mmoja. Mbili zilikuwa klipu mbovu, kafunga kwa kamba, hapo nimempunguzia maksi na nimemwambia mwenyewe, kwa kazi anayoifanya haikubaliki, amesema atanunua mpya, nitaulizia. Tukawa tayari, mashine imewashwa, na bado hatuendi. Kijana wake kachukua kumbi la nazi kalitupa majini mbele ya boti. Likawa linasogea kwa ndani ya mto, pole pole. Tukalitazama wote kimya. Likapunguza, likapunguza, likawa limesimama pale pale linazunguka tu lenyewe. Mzee akasema maji yamesimama, bismillah, akatia gia. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika chache, bado kuna giza la kijivu.

Mlangoni alipunguza moto akahesabu mawimbi, yalikuwa madogo tu ila yalikuja matatu yaliyoshiba halafu pakatulia, na pale palipotulia ndo akapita. Baada ya hapo hakukata moja kwa moja, alishuka na pwani kuelekea kusini mpaka usawa wa Ushongo ndo akageuza kuvuka, na hata alipogeuza omo haikuangalia Nungwi, iliangalia kulia yake sana. Kuna kaka mmoja akauliza mbona tunapotea. Mzee akamwambia subiri mkondo utatuleta. Na kweli, kisiwa kilivyoanza kuonekana kilikuwa kinasogea chenyewe mpaka kikakaa mbele yetu.

Saa mbili mawimbi yakaanza kukua, kusi limeamka, maji yanaruka kidogo upande wa kulia, ila ilikuwa kuloa tu hakuna aliyetapika. Saa tatu kasoro tumeshuka Nungwi. Maji yalikuwa yanapwa ila Nungwi si kama Paje au Jambiani ambako maji yakitoka unatembea mpaka uchoke, pale tulishuka maji ya magotini nguo nimekunja, begi kichwani. Ndoa nimeiwahi, na kulala kidogo nimelala.

Watu wa Nungwi ukiwahadithia habari ya nahodha aliyekataa kuvuka hawacheki. Wanaikumbuka Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilipozama usiku kwenye mkondo wao hapo ikielekea Pemba, imepakia kupita kiasi, na miezi 10 baadaye Julai 18, 2012 MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar siku ya upepo mkali. Zote mbili ndani ya msimu wa kusi, na hizo ni meli, si faiba ya watu tisa. Shangazi yangu aliponiuliza kwa nini sikuja Ijumaa nikamweleza, aliniambia huyo mzee mpe salamu zangu.

Kurudi nilirudi naye Jumanne. Hapa napo nilijifunza, maana nilidhani kurudi na kusi mgongoni ni rahisi, unasukumwa tu. Mzee anasema kurudi ndo kunahitaji mkono zaidi, wimbi likikukuta kwa tezi likakuinua likakugeuza ubavu ndo boti zinapopinduka, kwa hiyo alikuwa haikimbizi, anaacha wimbi lipite chini ndo anaongeza moto. Na saa ya kuondoka alihesabu kutokea mwisho, Jumanne ile maji ya Pangani yanajaa mida ya saa tatu asubuhi, basi tukatoka Nungwi saa kumi na mbili tukafika mlangoni maji bado yanaingia, yakatubeba ndani ya mto juu ya fungu bila hata kulihisi. Mwaka jana ule wa boti nyingine mtu anaondoka abiria wakijaa, huyu anaondoka maji yakijaa.

Mapungufu mengine, hana redio ya baharini, anategemea simu na katikati ya mkondo mtandao unakata, mi ningependa awe nayo na ningekuwa tayari kuongezwa nauli kwa ajili hiyo. Hana turubai, kwa hiyo vitu vya umeme na nguo za harusi funga kwenye mifuko miwili ya nailoni. Choo hakuna, malizeni nyumbani. Bei haikai sehemu moja, inategemea mmejaa wangapi na petroli iko shilingi ngapi wiki hiyo, tuligawana sawa kwa kichwa na aliitaja mbele ya wote. Cheti cha ukaguzi cha TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) nilimwomba akanionyesha bila kununa, na nyie mwombeni yeyote mtakayepanda naye.

Namba yake siiweki hapa, ukifika Pangani uliza pale kivukoni wanamjua, sema unamtafuta nahodha anayetupa kumbi la nazi. Ila usimpangie siku. Weka siku mbili za ziada kabla ya shughuli yako, na jioni ukimpigia atakwambia tu ulale karibu na minazi.